Usiitupe kompyuta iliyokataa Windows 11

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikubali Windows 11, mara nyingi kwa kukosa TPM 2.0, chipu ya usalama. Ikiwa yako ina RAM ya GB 4, Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows, katika toleo lake jepesi la Xfce inatosha kabisa kwa intaneti, barua na video. Anayetegemea Photoshop haitamfaa.

Ijaribu kwanza. Pakua faili la ISO la Mint, yaani faili moja lenye mfumo mzima, uliandike kwenye flashi tupu ya GB 8 kwa programu ya Rufus. Ukilinakili tu, kompyuta haitawaka kwa flashi hiyo. Washa huku ukibonyeza F12, F9 au Esc, kutegemea aina ya mashine, uchague flashi. Mint itafunguka na diski yako haitaguswa. Pima sauti, kamera, printa na hasa Wi-Fi, maana kadi za Wi-Fi za Broadcom husumbua sana. Ikikataa, ukishasakinisha chomeka simu kwa waya wa USB, igawe intaneti, halafu fungua Driver Manager ndani ya Mint uweke kiendeshi cha kadi hiyo, yaani programu inayoiwezesha kufanya kazi.

Kabla ya kusakinisha, hamishia picha na nyaraka kwenye diski ya nje. Chaguo la “Erase disk” (futa diski) wakati wa kusakinisha halibakizi kitu.