Namna ya kuamua ubishi wa vyama vya Kanada ukiwa Dodoma

Ukiwa na ndugu mmoja Kanada, utatumiwa picha za theluji. Ukiwa nao wawili, kila mtu na mji wake, utatumiwa siasa. Watoto wa kaka yangu ndio hao. Wa kiume yuko Edmonton, anaendesha lori kwenye maeneo ya mafuta ya Alberta, na ni mtu wa chama cha Conservative mpaka kwenye kofia. Dada yake yuko Montreal, anahudumia wazee, na ukimsema vibaya Mark Carney, Waziri Mkuu wa chama cha Liberal, umemsema yeye. Wakishindwana wanakuja kwangu: "Shikamoo Shangazi, hebu tuamulie." Wananichagua kwa kuwa nimestaafu kazi ya Hansard hapa Bungeni. Miaka yote hiyo nilisikiliza Waheshimiwa wakipigana vijembe, nikaandika walichosema, siyo walichodhani wamesema. Siasa za hapa nyumbani grupu letu haligusi, tulishakubaliana. Za Kanada ruksa.

Maelekezo haya basi ni kwa shangazi, mjomba au babu mwingine aliyekalishwa kwenye kiti cha Spika bila kukiomba.

Tafuta kaunta buku, piga mistari, pata safu nne: nani kasema, lini, ngazi gani ya serikali, na idadi. Hoja isiyoweza kujaza safu hata mbili ni kupiga meza tu, usiihangaikie.

Anza na tarehe, maana ndiyo inayomaliza ubishi mwingi bila mtu kununa. Mwaka 2025 siasa za Kanada zilipinduka ndani ya miezi minne. Januari 6 Justin Trudeau, Waziri Mkuu tangu Novemba 2015, alitangaza kwamba ataachia ngazi. Chama chake cha Liberal kilikuwa nyuma ya Conservative kwa pointi 20 na ushee katika tafiti za wapiga kura, na kijana wangu wa Edmonton alishaanza kugawa wizara. Kisha Donald Trump akarudi Ikulu ya Marekani na ushuru wake wa forodha, pamoja na maneno kwamba Kanada iwe jimbo la 51 la nchi yake. Machi 9 Liberal wakamchagua Carney kuwa kiongozi wao, Machi 14 akaapishwa kuwa Waziri Mkuu, Aprili 28 nchi ikapiga kura, Liberal wakabaki madarakani. Kwa hiyo mtu akikurushia video ya Pierre Poilievre, kiongozi wa Conservative, akitabasamu, au jedwali la nani anaongoza, uliza ni ya lini kabla hujaifungua. Ya Januari ilikuwa kweli mwezi Januari.

Kwenye idadi usiwe na haraka. Mtanzania huteleza hapa kwa sababu amezoea kupewa karatasi ya Rais na ya Mbunge. Mkanada katika uchaguzi wa taifa hupewa karatasi moja, ya mbunge wa eneo lake. Jina la Carney lilikuwa kwenye karatasi za Nepean peke yake, pale Ottawa, mji mkuu. Nchi nzima ni mashindano 343 ya namna hiyo. Mwenye kura nyingi anachukua kiti hata kama hajafika nusu, na kiongozi wa chama kinachoweza kuungwa mkono na wabunge wengi ndiye Waziri Mkuu. Viti maalum hakuna. Seneti ipo, ina watu 105, lakini wale huteuliwa, na wakifika miaka 75 wanatoka. Na ajabu nyingine kwetu: Carney aliapishwa kuwa Waziri Mkuu akiwa si mbunge wa popote. Kwa Katiba yetu Waziri Mkuu lazima awe mbunge wa jimbo. Kule desturi inamtaka atafute kiti upesi, basi.

Ukishaelewa hilo utaona jinsi ndugu wawili wanavyoweza kupingana na wote wakawa wasema kweli. Huyu anasema "sisi tulipata kura nyingi", yule anasema "sisi tulishinda". Mwaka 2019 Conservative walipata asilimia 34.3 ya kura na Liberal 33.1, lakini viti vikawa 121 kwa 157. Mwaka 2021 ikawa asilimia 33.7 kwa 32.6, viti 119 kwa 160. Kura za Conservative zimerundikana Alberta na Saskatchewan, ambako mgombea wao anaweza kushinda mara tatu ya mpinzani, na zile za ziada hazisafiri kwenda kusaidia Toronto. Halafu watazame Bloc Québécois: 2021 walipata asilimia 7.6 tu, wakaondoka na viti 32, wakati NDP (New Democratic Party, chama cha mrengo wa kushoto) waliopata asilimia 17.8 waliambulia 25. Bloc husimamisha wagombea Quebec peke yake, kura zao zote zinakaa mahali pamoja. Chama cha namna hiyo kwetu kisingepata usajili wa kudumu. Sheria yetu ya Vyama vya Siasa ya 1992 inataka wanachama 200 katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua kumi, Unguja na Pemba zikiwemo.

Hoja ya 2019 na 2021 usimwachie mtu aihamishie 2025. Safari hiyo Liberal waliongoza kote: asilimia 43.8 kwa 41.3, viti 169 kwa 144. Hapo wa Montreal hushangilia kupita kiasi, nami humrudisha kwenye kiti chake. Hiyo asilimia 41.3 ya Poilievre ni kubwa kuliko 39.6 aliyopata Stephen Harper wa Conservative mwaka 2011, na Harper kwa hiyo aliunda serikali yenye wabunge zaidi ya nusu. Walioporomoka ni NDP, kutoka viti 25 hadi 7, chini ya 12 vinavyotakiwa ili chama kitambuliwe rasmi bungeni, na kiongozi wao Jagmeet Singh akapoteza hata kiti chake cha Burnaby. Conservative hawakuanguka. Walipanda wakakuta mwenzao amepanda zaidi.

Na 169 si nusu ya 343. Nusu na ushindi ni 172. Ndiyo maana bajeti ya Novemba 2025 ilipita kwa kura 170 dhidi ya 168, na ingekwama nchi ingeweza kurudi kwenye sanduku la kura. Mtu akikuambia Carney "aliipitisha kibabe", msomee hizo namba mbili kisha unyamaze.

Safu ya ngazi ya serikali ndiyo inayogombanisha watu kwangu kuliko zote, na mfano wake bora ni kodi ya kaboni. Kwa muda mrefu kila nikifungua simu nilikuta wawili hawa wanavutana juu yake, mmoja akisema inamnyonga, mwingine akisema hajawahi kuiona, mwongo mkubwa wewe. Ukweli ni kwamba hakuna mwongo. Ada ile ya serikali kuu kwenye mafuta ilitozwa katika majimbo (ya kiutawala yenye serikali zao, siyo ya uchaguzi kama yetu) yasiyokuwa na mpango wake yenyewe unaokubalika, na Alberta ilikuwa mojawapo. Quebec, uliko mji wa Montreal, ilikuwa na mfumo wake wa soko la vibali vya hewa chafu, kwa hiyo ada ya Ottawa haikumfikia dada mtu. Kuanzia Aprili 2024 kaka yake alikuwa analipa senti 17 na ushee kwa kila lita ya petroli. Ila, na hili hakuwahi kulitaja mpaka nilipomuuliza, alikuwa pia anarudishiwa fedha kila baada ya miezi mitatu. Familia ya watu wanne pale Alberta ilikuwa inapata dola 1,800 za Kanada kwa mwaka. Dada yake hakutozwa ada hiyo, wala hakurudishiwa hata senti. Carney alipoingia aliifuta kwa wananchi wa kawaida kuanzia Aprili 1, 2025, na bei ya kaboni kwa viwanda vikubwa ikabaki. Kwa hiyo "Carney kaiua kodi ya kaboni" na "Carney kaiacha kodi ya kaboni" zote mbili unaziandika kwenye daftari, kila moja na nusu yake.

Foleni za hospitali ni vivyo hivyo. Wa Edmonton akikaa muda mrefu na mtoto mgonjwa, lawama anaipeleka kwa Liberal. Hospitali kule zinaendeshwa na jimbo, na Alberta inatawaliwa na United Conservative chini ya Danielle Smith. Ottawa inachangia fedha, haipangi zamu za madaktari. Shule pia za jimbo. Uhamiaji kwa sehemu kubwa, ulinzi na ushuru wa mpakani ni vya Ottawa, huko amlaumu Carney mpaka achoke.

Usidanganywe na majina pia. NDP wa Alberta si lazima waimbe wimbo mmoja na NDP wa taifa: Rachel Notley, aliyeongoza Alberta kwa tiketi ya NDP kuanzia 2015 hadi 2019, alilipigania bomba la mafuta la Trans Mountain wakati chama chake ngazi ya taifa kinalipinga. Na bomba hilo hilo lilinunuliwa mwaka 2018 na serikali ya Trudeau kwa dola bilioni 4.5. Hilo nalitunza kwa siku ambayo mmoja ataandika "Liberal wanachukia mafuta" na mwingine "Liberal ndio walinzi wa mazingira". Nalituma bila maelezo. Wote hukaa kimya kwa muda.

Kuhama chama kunahitaji neno fupi. Novemba 2025 mbunge wa Nova Scotia, Chris d'Entremont, aliondoka Conservative akaenda kukaa na Liberal. Kwetu tungesema ameunga mkono juhudi. Tofauti ni kwamba kwa Ibara ya 71 ya Katiba yetu mbunge akiacha chama chake anaacha na kiti, wananchi wanaitwa tena kupiga kura. Kule anaondoka na kiti chake kwapani. Kijana aliandika "msaliti" kwa herufi kubwa. Nilimjibu kwamba usaliti ni maoni, aandike kosa la kisheria ni lipi. Bado anatafuta.

Kuhusu viongozi wenyewe, kila mmoja mpe rekodi yake kabla ya sifa au matusi. Carney alikuwa Gavana wa Benki Kuu ya Kanada kuanzia 2008 hadi 2013, kisha wa Benki Kuu ya Uingereza hadi 2020. Hajawahi kugombea ubunge kabla ya 2025. Poilievre ni kinyume chake, aliingia bungeni 2004 akiwa na miaka 25 na hajatoka, isipokuwa miezi michache ya 2025. Aprili hiyo alipoteza kiti cha Carleton kwa Bruce Fanjoy, kwenye karatasi ya kura yenye wagombea 91, ndefu kama kitenge. Mbunge mwenzake wa Alberta akajiuzulu kumpisha, naye akashinda Battle River–Crowfoot Agosti 18 kwa takribani asilimia 80. Safari hiyo wagombea walizidi 200, wengi wao wakijiandikisha kwa makusudi kupinga mfumo wa uchaguzi, hadi wapiga kura wakapewa karatasi tupu waandike jina wenyewe. Ukiniuliza nani anaongea vizuri zaidi, nitasema Yves-François Blanchet wa Bloc, hata kwa sauti ya mkalimani. Mtu asiyetafuta uwaziri mkuu huongea kwa raha.

Matusi yaamulie kwa kanuni, siyo kwa hasira yako. Aprili 30, 2024 Poilievre alimwita Trudeau mwendawazimu mle bungeni. Spika Greg Fergus akamtaka afute kauli, yeye akataka kubadilisha neno badala ya kulifuta, akatolewa nje kwa siku hiyo. Sisi wa Dodoma tunaijua hiyo, "Mheshimiwa futa kauli, usieleze". Kwenye grupu nimeiweka hivyo hivyo: kumwita Carney wakala wa mabenki, futa. Kusema sera yake ya nyumba ni mbovu, endelea, leta idadi.

Mwisho wa yote, msisubiri klipu za watu, sikilizeni wenyewe. Hansard yao hutoka kwa Kiingereza na Kifaransa, na kipindi cha maswali hurushwa mubashara mtandaoni. Sisi tuna maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu siku ya Alhamisi. Wao serikali inaulizwa kila siku ya kikao, kwa dakika 45. Jumatatu hadi Alhamisi huanza saa nane na robo mchana kwa saa za Ottawa. Kwetu hiyo ni saa tatu na robo usiku, taarifa ya habari na chakula vimepita. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba wao hurudisha saa nyuma, kwa hiyo inakuwa saa nne na robo hadi katikati ya Machi. Midahalo ya viongozi ni shida zaidi: ule wa Kifaransa wa Aprili 2025 uliwahishwa kwa saa mbili ili usigongane na mechi ya hoki ya Montreal Canadiens, na bado huku ulianza saa saba usiku. Kwa wenye watoto wa shule nashauri Ijumaa. Siku hiyo maswali huanza mapema, kwetu saa kumi na mbili na robo jioni wakati wa kiangazi chao, saa moja na robo wakati wa baridi. Wabunge wengi huwa wameshaondoka kwenda makwao, kelele zimepungua, na maneno yanasikika.