Kuzunguka hifadhi ya pwani kwa mitumbwi: hesabu inaanzia nyuma ya kisiwa

Wengi wakipanga safari hii huuliza kwanza tunaondoka saa ngapi. Mimi huuliza maji ni haba wapi. Ukizunguka kisiwa kwenye mahori, yaani mikono ya bahari inayoingia nchi kavu, maji yanayojaa huingia kwa pande zote mbili na kukutana nyuma. Hapo mkondo hulegea, tope hutua, na polepole huinuka tuta.

Kwenye tuta kama hilo niliwahi kukwama na wenzangu. Tulikuwa saba, mitumbwi minne, na tulifika saa mbili na nusu baada ya maji kujaa. Kafi yangu iligusa chini, maji nyuma yetu yakageuka kahawia, na kabla hatujageuza tukawa tumekaa juu ya tope. Tulingoja zaidi ya saa saba, juani, maji ya kunywa yakituishia. Tangu siku ile simruhusu mtu kupanda bila lita mbili zake mwenyewe.

Basi hesabu yenyewe. Tuseme mzunguko ni kilomita 12, tuta liko katikati, na maji yanajaa saa 6:00 mchana. Kundi mchanganyiko huenda kama kilomita 4 kwa saa, kwa hiyo kilomita 6 ni saa moja na nusu. Ongeza nusu saa ya kupumzika na kungojana. Mfike tuta nusu saa kabla ya maji kujaa, yaani muondoke saa 3:30 asubuhi. Mkigusa chini, maji bado yanapanda, yatawainua. Mkishavuka, yanayotoka yatawasindikiza nyumbani. Kumbuka jedwali la saa za kujaa na kupwa ni la bandari. Ndani ya hori maji huchelewa, kwa hiyo nenda siku moja kabla ukaangalie kwa macho, au uwaulize wavuvi.

Maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Kama kati ya kujaa na kupwa kuna mita 3, saa ya kwanza hupungua kama sentimita 25, lakini saa ya tatu na ya nne ni 75 kila moja. Ukichelewa nusu saa huoni tofauti. Ukichelewa kwa saa mbili umekwisha.

Kuhusu siku, bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, lina mkondo mkali kwa wageni, na maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, huenda yasifunike tuta. Nachagua siku za katikati, maji yakielekea bamvua, kwa sababu hata tukikwama, kwa kawaida maji yajayo yatapanda zaidi.

Ruhusa ya hifadhi iombwe mapema. Majaketi ya kuokolea yavaliwe, yasikaliwe. Mzoefu mmoja mbele, mwingine nyuma kabisa, na asiye na nguvu ndiye apange mwendo. Filimbi mara tatu ni hatari, wote mkusanyike. Mkikwama, asishuke mtu. Tope laini humeza mguu hadi pajani.

Maji yakijaa ndege hubaki na vipande vichache vya nchi kavu vya kupumzikia. Piteni mbali navyo, kimya. Wakianza kuinua vichwa, mmeshakaribia mno.

Kabla ya kutoka mlangoni mwa hori tazameni nje, baharini. Upepo wa baharini ukipambana na maji yanayotoka, mawimbi husimama mafupi na makali. Yakiwa hivyo, shikamaneni ukingoni mkasubiri mkondo ulegee.