Jinsi ya Kumpata Mtaalamu wa Fiziotherapia Jijini Nairobi

Kazi yangu ni fiziotherapia, yaani kutibu viungo na misuli kwa mazoezi na kwa mikono, hapa hapa Nairobi. Utaratibu huu ndio ninaowapa jamaa zangu wanaponipigia simu.

1. Hakikisha tatizo lako ni la fiziotherapia. Mgongo ukiuma huku una ganzi sehemu za siri, au mkojo umekataa kutoka, au unakutoka bila wewe kujua, nenda idara ya dharura leo. Uso ukipinda ghafla na mkono ukalegea, vivyo hivyo. Bega lililokakamaa, goti lililoumia kwenye boda boda, mkono uliobaki dhaifu baada ya kiharusi kutibiwa: hayo tuletee.

2. Uliza leseni. Sheria ya mwaka 2014 iliunda Baraza la Fiziotherapia la Kenya, na kila mtaalamu anatakiwa kusajiliwa nalo. Cheti cha usajili kilichotundikwa ukutani hakitoshi, kwa sababu leseni ya kufanya kazi huhuishwa kila mwaka. Itazame tarehe, kisha ulinganishe jina na orodha ya baraza. Mkandaji mzuri atakulegeza misuli, sikatai, ila hakusomea kutambua mshipa wa fahamu uliobanwa.

3. Tafuta karibu. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Mgonjwa anaishi Githurai, anasifiwa kliniki ya Upper Hill, anakwenda. Matibabu haya si ya siku moja. Huenda ukahitajika mara mbili kwa wiki, kwa majuma kadhaa. Foleni ya Thika Road itakuchosha kabla goti halijapona, na kukaa kwenye matatu saa nzima na nusu kunaweza kuuchokoza tena mgongo niliotoka kuutuliza. Mimi ningemchagua mtaalamu wa kawaida aliye na leseni, aliye umbali wa matatu moja, kuliko bingwa utakayemwona mara mbili ukakata tamaa. Uliza pia kama kuna ngazi. Nimeona kliniki za wagonjwa wa kiharusi zikiwa ghorofa ya tatu, lifti imekufa!

Usizipuuze hospitali za umma: Kenyatta, Mbagathi, Mama Lucy Kibaki. Foleni ipo, lakini kwa kawaida gharama ni nafuu kuliko ya kliniki binafsi.

4. Piga simu kwanza. Muulize kama hushughulikia tatizo lako mara kwa mara. Anayetibu wanariadha huenda si wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Uliza bei ya siku ya kwanza na ya siku zinazofuata. Kama una bima, uliza kama wanahitaji barua ya daktari na idhini kabla hujaanza.

5. Pima siku ya kwanza. Mtaalamu akuulize maswali mengi, akutazame ukitembea, ukiinama, ukiinuka kitini. Aguse, alinganishe upande mmoja na mwingine. Uondoke na mazoezi mawili matatu ya kufanya nyumbani, na makadirio ya muda. Ukiambiwa ulipie vipindi kumi kabla hujapimwa, beba mkoba wako. Ukiunganishwa kwenye mashine ya joto kila siku, pasipo zoezi hata moja, hapo unanunua usingizi.

6. Chagua kipimo chako. Kiwe kitu cha nyumbani: kufikia rafu ya juu, kuchuchumaa, kupanda matatu bila kushikwa mkono. Baada ya wiki nne hivi, kama hakuna kilichobadilika, mwambie. Mtaalamu mwenye busara atakupima upya au akuelekeze kwa daktari. Akikasirika, omba nakala ya rekodi zako na utafute mwingine.