Kuseti krosova kwenye gari: anza na 80 Hz, kisha pima

Spika ya mlangoni ya inchi 6.5 ukiilazimisha kupiga besi ya 40 Hz, koni (sehemu ya spika inayotetema) inaruka mbele na nyuma bila kutoa mdundo wa maana, na sauti ya mwimbaji inaanza kukwaruza. Watu hukimbilia kusema spika ni feki. Mara nyingi spika ni nzima, ila imebebeshwa kazi ya subwufa. Krosova ndiyo kichujio kinachogawa kazi hiyo: besi ya chini iende kwa subwufa, zilizobaki ziende kwa spika nyingine.

Kwanza zima kila kinachoongeza besi, rudisha ikwalaiza kwenye sifuri na shusha geini za amplifaya (vinobu vya kuongeza nguvu ya sauti) mpaka mwisho. Halafu angalia kama redio nayo ina krosova. Ikiwa nayo, tumia moja tu, ama ya redio ama ya amplifaya. Ukiwasha zote mbili kwenye 80 Hz, makato yanajumlishana: 12 dB kwa okteva (yaani kila masafa yanapozidi au kupungua mara mbili) inakuwa 24, na pale kwenye 80 Hz penyewe sauti inashuka 6 dB badala ya 3. Unabaki na mkato tofauti na ule uliokusudia, na kupandisha geini hakuurekebishi.

Chaneli za milango weka swichi kwenye HPF (kichujio kinachopitisha sauti za juu na kukata besi), 80 Hz. Spika ndogo za inchi 4 zianzie 100 hadi 120 Hz. Chaneli ya subwufa weka LPF (kinachopitisha besi na kukata sauti za juu), 80 Hz, na kama amplifaya inaruhusu chagua mkato wa 24 dB, maana ukiiacha ipande sana sikio linagundua kwamba besi inatoka kwenye buti. Boksi lenye tundu linahitaji pia kichujio cha chini kabisa, kinachokata besi ya chini mno, kati ya 25 na 30 Hz kwa maboksi mengi. Chini ya masafa ambayo tundu limetengenezewa, hewa ya ndani haiizuii tena koni, na hapo ndipo koili (waya uliozungushwa unaosukuma koni) hugonga na kuharibika.

Sasa, namba zilizochapwa kando ya kinobu usiziamini sana. Kingine kimeandikwa 50 na 250 tu, katikati ukisie mwenyewe. Chomoa waya za spika, seti multimita kwenye volti za AC, piga toni ya 80 Hz huku kichujio kimezimwa, kisha ongeza geini kidogo mpaka usome, tuseme, volti 10. Washa kichujio na zungusha kinobu mpaka isome volti 7. Kwenye amplifaya nyingi hapo ndipo 80 Hz ya kweli ilipo, hata kama kinobu kinaonyesha 100. Usiguse sauti ya redio katikati ya kipimo.

Rudisha spika, kaa kiti cha dereva, piga toni ileile, milango na subwufa vyote vikicheza. Zima, geuza waya chanya na hasi wa subwufa, sikiliza tena. Acha upande unaotoa besi nzito zaidi. Vichujio vya 12 dB huzisogeza sauti hizi mbili hadi zikapingana pale zinapokutana, na umbali wa buti nao huchangia, kwa hiyo hapa mwamuzi ni sikio.

Twita (spika ndogo za sauti za juu) zilizokuja na kiboksi chao cha krosova kiachie kiboksi kazi. Isiyo nacho, ya omu 4, iwekee kapasita ya 10 µF isiyo na polariti kwenye waya chanya. Inakata kuanzia karibu 4 kHz. Twita yenye chaneli yake ya amplifaya iseti HPF 3 kHz au zaidi kabla ya kuiunga, na bado weka kapasita ya 47 µF kama mlinzi. Chaneli iliyosahaulika kwenye 80 Hz inaweza kuunguza koili ya twita kwenye wimbo wa kwanza.

Geini ndiyo ya mwisho. Pandisha ya milango kwanza, kisha leta subwufa taratibu. Milango ikisikika myembamba, shusha HPF hadi 70 Hz huku ukiitazama koni. Ikianza kuruka kwa macho, rudi 80.