Kabla hujapeleka maombi ya mafao ya ulemavu, andaa haya

Kama wewe au mtu wako amepatwa na maradhi ya kumtoa kazini, iwe figo, kiharusi au saratani, msingoje mpaka ashindwe kushika kalamu ndipo muanze kuhangaika na makaratasi. Nayaandika haya baada ya kumuuguza kaka yangu hapa Kigoma.

Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, mnayo? Linganisheni majina herufi kwa herufi na yaliyoko benki na kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, kama NSSF. Yakitofautiana, nendeni kwa wakili mkale kiapo mapema.

Taarifa ya michango, iombeni wiki hii. Mwajiri kukata kwenye mshahara ni jambo moja, kupeleka kwenye mfuko ni jambo jingine.

Makaratasi ya hospitali: kila mkitoka Maweni au Bugando, ondokeni na nakala ya rufaa na majibu ya vipimo. NSSF inatoa pensheni ya ulemavu kwa aliyepoteza theluthi mbili au zaidi ya uwezo wake wa kujipatia kipato, na hilo huthibitishwa na jopo la madaktari. Kwa hiyo cheti kinachosema tu "anaumwa figo" hakijasema kitu. Mwombe daktari aandike mgonjwa ameshindwa nini: kusimama kwa muda gani, kubeba, kuendesha gari. Na kama ugonjwa umetokana na kazi yenyewe, mlango ni mwingine, WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na taarifa itolewe mapema.

Sasa sikilizeni hili. Msisaini barua yoyote ya kuacha kazi.

Kaka alikuwa dereva wa kampuni moja hapa mjini. Mwezi wa pili wa kuugua, alikuja mtu wa ofisini nyumbani na barua iliyokwisha kuchapwa. Alikuwa mpole, alileta na sukari na sabuni. Akasema, "Shemeji, asaini hapa ili tumsaidie haki zake zitoke haraka." Mimi ndiye niliyemshikia kaka karatasi juu ya mto, na wifi yangu akamkaangia mgeni migebuka. Hakuna aliyeisoma. Ilisema anaacha kazi kwa hiari yake, kwa sababu za kifamilia.

Tulipopeleka maombi, faili likarudi. Kwenye karatasi hakukuwa na mgonjwa, kulikuwa na mtu aliyejiondokea. Ndipo tukaambiwa kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu mshahara. Kaka alikuwa hajamaliza hata nusu ya siku hizo. Tukakimbilia CMA, tume inayosuluhisha na kuamua migogoro ya kazi, kumbe malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, nasi tulikuwa mwezi wa tatu tangu kaka asaini. Ikabidi tuanze kuomba kusikilizwa nje ya muda. Kufuatilia kote kulikula miezi kumi na moja, na katika miezi hiyo tuliuza kiwanja cha Gungu ili aendelee kusafishwa damu Mwanza.

Kwa hiyo akija mtu na karatasi, mwambieni aiache. Isomeni wote, mpelekeeni mtu anayejua. Kama kazi haiwezekani tena, mwajiri ndiye aandike, na aandike sababu kuwa ni ugonjwa.

Mengine mnayajua. Msitoe karatasi halisi, toeni nakala, na mgongoni andikeni tarehe na jina la aliyepokea. Teueni ndugu mmoja wa kufuatilia, apewe hati ya uwakilishi mgonjwa akiwa bado anaongea. Anayedai hela ya "kusukuma faili" mkimbieni. Namba ya siri ya benki asipewe mtu wa njiani. Na faili lenyewe litieni kwenye kitu kisichopitisha maji, lisilowe mvua mkiwa juu ya bodaboda.