Kulinda akaunti zenye mamlaka makubwa: somo la hatua kwa hatua

Somo hili linahusu zile akaunti chache ambazo mdukuzi akizipata huwa hana tena haja ya kutafuta kingine: root kwenye Linux, Administrator kwenye Windows, wanachama wa kundi la Domain Admins (wasimamizi wa domeni, yaani mtandao wa kompyuta za Windows unaosimamiwa kwa pamoja), wasimamizi wa hifadhidata, na akaunti za kuendeshea swichi na ruta. Taasisi nyingi huanza kwa kununua programu ya hazina ya nywila. Mimi nashauri kuanza na daftari, kwa kuwa hakuna programu inayoweza kulinda akaunti iliyokwisha kusahaulika.

Hatua ya kwanza ni kuhesabu. Kwenye Windows, orodhesha wanachama wa Domain Admins, Enterprise Admins na Administrators, ukiyafungua pia makundi yaliyowekwa ndani ya makundi hayo. Kwenye Linux, soma /etc/sudoers na folda ya /etc/sudoers.d, zinazotaja nani anaruhusiwa kutumia mamlaka ya root, kisha utafute katika /etc/passwd kila akaunti yenye UID (namba ya mtumiaji) 0, kwa maana kinachotoa mamlaka si jina root bali namba hiyo. Mafaili ya authorized_keys, yanayoorodhesha funguo za kuingilia bila nywila, nayo yakaguliwe, kwani aliyeacha kazi anaweza kuwa amefutiwa nywila ilhali ufunguo wake wa SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali) bado unafanya kazi. Andika mwenye kila akaunti, kazi yake na siku ilipotumika mara ya mwisho. Akaunti isiyo na mwenyewe izimwe, isifutwe, na ibaki imezimwa hadi mwisho wa mwezi upite, kwa sababu kuna skripti za hesabu ambazo huamka siku hiyo tu.

Hatua ya pili ni kutenganisha. Kila msimamizi awe na akaunti ya kawaida ya barua pepe na intaneti, na nyingine ya usimamizi isiyo na sanduku la barua kabisa. Sababu yake ni hii: mwanachama wa Domain Admins akiingia moja kwa moja kwenye kompyuta ya mhasibu ili kurekebisha printa, hashi ya nywila yake, yaani alama inayokokotolewa kutokana na nywila hiyo, inaweza kubaki kwenye kumbukumbu ya kompyuta hiyo, na mdukuzi aliyekwisha kuiteka ataichota na kuitumia bila hata kuijua nywila yenyewe. Programu haribifu ya NotPetya, mwaka 2017, ilitumia vitambulisho vilivyochotwa kwa namna hiyo kuruka kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Kwa hiyo akaunti za Domain Admins zitumike kwenye seva za domeni pekee, na Administrator wa kila kompyuta awe na nywila yake. LAPS, zana ya Microsoft ambayo tangu 2023 imo ndani ya Windows yenyewe, hufanya kazi hiyo.

Hatua ya tatu, yaani hazina ya nywila, uthibitisho wa hatua mbili na mamlaka yanayotolewa kwa saa chache kisha kukoma, ndiyo inayotangazwa sana, na kwa kweli ndiyo nyepesi. Sharti moja tu lisipuuzwe: kumbukumbu za matukio zipelekwe kwenye seva ambayo msimamizi anayefuatiliwa hana mamlaka nayo.

Hatua ya nne ni akaunti za huduma, yaani zinazotumiwa na programu badala ya watu, na hapa ndipo kazi hukwama. Nywila zake huandikwa ndani ya skripti, hazibadilishwi, na kila mtu anaogopa kuzigusa. Kwenye Windows tumia gMSA, aina ya akaunti ya huduma inayosimamiwa na domeni yenyewe, ambayo kwa kawaida hujibadilishia nywila kila baada ya siku 30.

Hatua ya tano ni akaunti ya dharura, ambayo nywila yake hukaa kwenye bahasha ndani ya sefu. Ijaribiwe. Mahali fulani nilipowahi kufanya kazi, bahasha ilifunguliwa usiku wa hitilafu, na tukatumia dakika arobaini kubahatisha kama kilichoandikwa kwa mkono kilikuwa herufi O au sifuri.

Maswali na majibu

Swali: Idara yetu ya TEHAMA ina watu wawili tu. Nani atamwidhinisha nani?

Jibu: Kila mmoja amwidhinishe mwenzake, na arifa imfikie kiongozi aliye nje ya idara. Muhimu zaidi, pasiwe na nywila inayojulikana na mtu mmoja pekee. Mwaka 2008 jiji la San Francisco lilikaa zaidi ya wiki moja bila kuweza kusimamia mtandao wake, kwa kuwa msimamizi aliyezishikilia nywila alikataa kuzitoa, hata akiwa rumande, mpaka alipomkabidhi meya.

Swali: Je, tuwalazimishe wasimamizi kubadilisha nywila kila mwezi?

Jibu: Zilizomo kwenye hazina zibadilishwe na mashine kila zinapotumika. Zile anazokariri mtu, mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, unashauri zisibadilishwe kwa ratiba bali panapokuwa na dalili kwamba zimevuja. Mtu akilazimishwa kila mwezi huishia kuongeza namba mwishoni.

Swali: Mwanachama wa Domain Admins ameondoka kwa ugomvi. Kuzima akaunti yake kunatosha?

Jibu: Hakutoshi. Badilisha nywila zote alizozijua, ikiwemo ya akaunti ya dharura, kisha ubadilishe ya krbtgt, akaunti ambayo domeni huitumia kulinda tiketi za kuingilia, mara mbili, kwa kuwa domeni huendelea kuikubali iliyotangulia. Kati ya mara hizo mbili subiri zaidi ya saa 10, ambao ndio uhai wa kawaida wa tiketi ya Kerberos (mfumo ambao domeni huutumia kuthibitisha watumiaji), na uhakikishe kwamba badiliko la kwanza limefika kwenye seva zote za domeni, la sivyo watumishi wako wenyewe watafungiwa nje.