Somo: Propu za T za kuinulia bodi za silingi

Assalaam aleikum wanachama. Hapa Malindi, nikipita nyumba zinazofungwa silingi, bado nakuta vijana wawili wamepanda meza, bodi wameibeba kwa vichwa, na wa tatu anahangaika na drili. Bodi ya jipsamu ya futi 8 kwa 4, unene wa milimita 12, hukaribia kilo 25. Shingo ya mtoto wa mwenzio si ya kazi hiyo. Tengenezeni propu mbili za T, yaani miti ya kuegemeza yenye mbao ya kichwa iliyokingama juu, na silingi yenyewe itatoka imenyooka zaidi.

1. Mti. Tumia mbao kavu ya 2 kwa 2 isiyopinda, au mvinje mwembamba uliokauka vizuri. Mvinje mbichi uache: ni mzito, na ukikauka unapinda. Propu za chuma za kushikilia slabu zina nguvu kupita mahitaji, na kile kibati chao cha juu ni kidogo, kinaweza kuingia ndani ya bodi. Ukiwa huna budi, weka ubao mpana kati ya kibati na bodi.

2. Kipimo. Hapa ndipo kazi inapoharibikia. Pima kutoka sakafuni hadi chini ya fremu ya juu itakayoshika bodi, na upime pale pale propu itakaposimama, kwa sababu sakafu nyingi zina mteremko. Tuseme umepata sentimita 270. Toa unene wa bodi, 1.2, na wa mbao ya kichwa, 5: zinabaki 263.8. Ongeza sentimita 1 ili propu ikaze. Mti wako basi uwe kama 265.

Msiongeze zaidi. Kwa kimo hicho, ziada ya sentimita 1 inaacha mguu sentimita 23 hivi kando ya pale ambapo ungesimama wima. Ziada ya 5 inaupeleka zaidi ya nusu mita, na mguu uliolala hivyo unateleza. Ikiwa mti ni mfupi kidogo, ni afadhali: ingiza kabari mbili chini yake, zikitazamana, uzigonge taratibu hadi bodi iguse fremu.

3. Kichwa. Mbao ya mita 1 inatosha. Ipigilie katikati juu ya mti, kisha funga mbao mbili za mshazari, moja kila upande. Bila hizo kichwa kinayumba na bodi inavunjika kona. Kizungushie gunia kuukuu kisije kikachubua karatasi ya bodi.

4. Mguu. Kwenye vigae, weka kipande cha mpira wa tairi chini. Kwenye udongo au mchanga, weka ubao. Msiruke hatua hii hata kama tajiri anawaharakisha.

5. Kuinua. Watu wawili wanainua bodi, wa tatu anasimamisha propu, moja sentimita 60 hivi kutoka kila ncha. Sukuma mguu polepole kuelekea wima hadi uhisi umekaza, kisha acha. Ukilazimisha, bodi inapasuka pale kwenye kichwa. Anza skrubu katikati ukielekea pembeni, kila sentimita 20 hivi, na usiitoe propu mpaka katikati na ncha zote mbili zimeshika.

MASWALI (mwanzoni ni mahali anakotoka muulizaji)

Muyeye: Fundi, mimi hufanya kazi peke yangu. Propu moja yatosha?

Jibu: Pigilia ubao ukutani, sentimita 3 hivi chini ya fremu. Ukingo mmoja wa bodi uulaze hapo, ule mwingine uupandishe kwa propu. Lakini bodi nzima ya milimita 12 usiibebe peke yako, ndugu yangu. Ikate nusu, au tafuta kijana wa kukusaidia kwa saa chache.

Matondoni: Huku kwetu magadi ya kuegemezea majahazi yako tele, miti ya mkoko. Tuyatumie?

Jibu: Kwa nguvu hayana mpinzani, lakini mkoko ni mzito sana kuushika juu ya kichwa, na mingi imepinda. Gadi lililonyooka ulilonalo tayari, litumie. Kwenda kukata jipya kwa ajili ya silingi, hapana. Mikoko hukatwa kwa kibali cha idara ya misitu, na mvinje utakufaa zaidi.

Barani: Mwalimu, skrubu nyeusi zimetoa madoa ya kutu kwenye silingi yangu, na nyumba haiko mbali na bahari.

Jibu: Pole dada. Pwani tununue zilizopakwa zinki. Hizo zilizokwisha kufungwa, kwangua kutu, paka rangi ya mafuta kila kichwa, ikikauka ndipo upige plasta na rangi upya.

Mkomani, Lamu: Nyumba ya babu ina boriti za zamani. Nataka kuzifunika kwa jipsamu. Nisimamishe vipi propu?

Jibu: Propu ni zile zile, ila sakafu ya chokaa iwekee ubao mpana isivunjike. Ombi langu ni uziache boriti wazi. Ukizifunika, mchwa watakula na hutawaona, na unyevu utakosa pa kutokea. Tena mji huo umo katika urithi wa dunia tangu 2001, kwa hiyo waone kwanza watu wa Makumbusho. Kama unachotaka ni mwanga, zipige boriti brashi na uzipake mafuta, halafu upake chokaa nyeupe katikati yake.